I, Claudius: Maswali Ninayoulizwa Kila Ninapoisifia Tamthilia Hii

Mjomba wangu alirudi Tanga kutoka masomoni Uingereza na vitu viwili alivyovilinda kuliko pasi ya kusafiria: koti zito lisilo na kazi yoyote kwenye joto letu, na kanda za video za tamthilia iitwayo *I, Claudius*. Kila likizo alituketisha sebuleni, akawa anasimamisha kanda kila dakika kumi kutueleza nani ni mtoto wa nani. Kanda zilikuja kuota ukungu. Ugonjwa akanirithisha mimi, na siku hizi msumbufu wa sebuleni ni mimi. Maswali haya ni yale yale ninayoulizwa na ndugu, majirani na wafanyakazi wenzangu kila ninapomkalisha mtu mpya. Yale ya mwisho kabisa yanafichua mambo, kwa hiyo ukifika kwenye kichwa cha "Kwa waliomaliza tu" na hujamaliza, rudi kwenye TV kwanza.

## Kwa anayeanza

1. I, Claudius ni nini hasa?

Ni tamthilia fupi ya televisheni iliyotengenezwa na BBC na kurushwa kuanzia tarehe 20 Septemba hadi 6 Desemba 1976. Imetokana na riwaya mbili za Robert Graves, *I, Claudius* na *Claudius the God*, zote za mwaka 1934. Aliyezigeuza kuwa mchezo wa televisheni ni Jack Pulman, mwongozaji ni Herbert Wise, na Claudius ni Derek Jacobi.

Kisa chenyewe: mzee mmoja, mfalme wa dola kubwa ya Roma, anakaa peke yake usiku akiandika kwa siri ukweli kuhusu ukoo wake. Anaanza kabla hajazaliwa, karibu mwaka 24 K.K., na kuendelea hadi kifo chake mwaka 54 B.K. Katikati hapo wamo wafalme wanne, bibi mmoja wa kuogopwa, na misiba mingi kuliko unayoweza kuihesabu kwa vidole vya mikono na miguu.

2. Claudius ni mtu wa kweli?

Wa kweli kabisa. Alizaliwa mwaka 10 K.K. katika mji ambao leo ni Lyon, Ufaransa, akatawala Roma kuanzia mwaka 41 hadi 54. Alikuwa anachechemea, kichwa kikimtikisika, na ulimi ukimkwama kwa kigugumizi. Madaktari wa leo wanaosoma maelezo ya kale wengi wanataja mtindio wa ubongo. Familia yake iliona aibu naye na kumficha nyuma ya wageni. Kama ni mjinga au alijifanya mjinga, tazama swali la 17.

3. Ni vipindi 12 au 13? Wengine wanasema hivi, wengine vile.

Wote wako sawa. Usiku wa kwanza BBC walirusha kipindi kimoja kirefu maradufu, ndiyo maana hesabu ya 1976 ni 12. Kwenye DVD kile cha kwanza kimegawanywa viwili, vikawa 13. Namba ninazotumia hapa ni za hesabu ya 12. Jumla ni karibu saa 11.

4. Mbona inafanana na mchezo wa jukwaani? Vita viko wapi?

Hili ndilo swali la kwanza la kila kijana niliyemkalisha, na huulizwa kwa sauti ya mtu anayetafuta rimoti. Jibu: kila kitu kilipigwa ndani ya studio za BBC Television Centre, London. Hakuna hata picha moja ya nje. Majeshi yanaenda Ujerumani na kurudi, nasi tunaletewa habari na mtu anayeingia mlangoni akiwa na vumbi. Kwenye michezo ya wapiganaji tunaona jukwaa la familia ya kifalme tu. Uwanja wenyewe tunausikia kwa kelele.

Mimi nilidhani huo ni umaskini wa bajeti. Siku hizi naona ndiyo siri ya tamthilia nzima. Dola inaendeshwa chumbani. Anayeamua nani afe si jemadari aliyeko mpakani, ni bibi anayemenya tunda. Kuna mahali bibi huyo, Livia, anawakusanya wapiganaji kabla ya michezo na kuwasema kama mwalimu mkuu asubuhi ya mstarini: amechoka na ujanja wao wa kujifanya wanapigana huku wakilindana, anataka thamani ya pesa yake. Watakaopona watapata fedha nyingi, watakaokufa watazikwa vizuri. Baada ya hotuba hiyo, pambano lenyewe la nini tena?

Wape vipindi viwili. Kufikia cha tatu jicho litakuwa limeizoea rangi ya zamani. Na tafadhali, picha ni ya umbo la mraba la zamani, usiivute ijaze kioo cha TV yako. Nyuso zitapanuka kama chapati.

5. Nitaelewa kama sijui historia ya Roma?

Unaijua kuliko unavyodhani. Kama umewahi kukaa kanisani wakati wa Krismasi, umemsikia Kaisari Augusto aliyetaka watu wote waandikwe. Huyo ni Augustus wa vipindi vya mwanzo. Tiberio Kaisari wa Luka sura ya 3 ni Tiberius. Klaudio aliyewafukuza Wayahudi Rumi, hata Akila na Prisila wakakutana na Paulo Korintho, ndiye Claudius wetu. Herode wa Matendo sura ya 12, yule aliyeliwa na chango, ni Herode Agripa, na kwenye tamthilia ni rafiki wa utotoni wa Claudius, mcheshi na mdeni wa kila mtu. Nilipomweleza hivyo mama yangu mkubwa, ambaye alikuwa ameshajitayarisha kwenda kulala, alivuta kiti. Liwali Feliksi aliyemweka Paulo kifungoni ni ndugu wa Pallas, katibu wa Claudius unayemwona anazunguka na makaratasi.

Na kama ulisoma tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya *Julius Caesar*, aliyoitoa mwaka 1963 na kuirekebisha baadaye kama *Juliasi Kaizari*, basi unaingia ukiwa na nusu ya ukoo mkononi. Octavius, yule kijana wa mwishoni mwa mchezo, ndiye anayekuja kuitwa Augustus. Antony, yule wa hotuba ya msibani, ni babu yake Claudius kwa upande wa mama.

Nikiwa na mpwa mwenye kupenda historia huongeza jambo moja. Kile kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki kikiitaja pwani yetu kwa jina la Azania, na soko la Rhapta lenye pembe za ndovu na mashua zilizoshonwa kwa kamba, kinakadiriwa kuwa cha katikati ya karne ya 1 B.K. Ndiyo miaka ya Claudius na ya Nero aliyemfuata. Pembe iliyochongwa kupamba kitanda cha tajiri wa Roma huenda ilipita hapa.

6. Kiingereza chake ni kigumu?

Hapana. Ni cha waigizaji wa jukwaani, kila herufi inasikika, tena Pulman aliwaandikia maneno ya kawaida ya watu wanaoishi nyumba moja. Hawasemi kwa mbwembwe za kale. Wanagombana kama watu wanaogombania mirathi. Washa maandishi ya chini kwa ajili ya majina.

7. Naweza kuangalia na watoto? Na wakwe?

Watoto, hapana. Dakika za mwanzo tu za kipindi cha kwanza kuna wacheza ngoma walio vifua wazi, na huko mbele kuna mambo ya Julia, ya Caligula na ya Messalina, mke wa Claudius, ambayo hata mtu mzima atainuka kwenda kunywa maji. Kuhusu wakwe, mimi niliwahi kuthubutu. Wale wacheza ngoma walipoingia, nilianza kutafuta rimoti chini ya mto wa kochi, sikuiona, na baba mkwe akasema kwa upole kwamba Warumi walikuwa na joto sana. Hatujalizungumzia tena.

## Ukoo na majina

8. Nimechanganyikiwa. Nani ni nani wa nani?

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza. Waingereza wana neno moja kwa mjomba, baba mkubwa na baba mdogo, ndiyo maana wanahitaji mchoro wa ukurasa mzima. Sisi tuanze hivi.

Livia ni bibi. Alizaa wana wawili na mume wake wa kwanza, wa kabla ya Augustus: Tiberius, mkubwa, na Drusus, mdogo. Drusus ndiye baba yake Claudius. Kwa hiyo Livia ni bibi mzaa baba wa Claudius, na Tiberius ni baba yake mkubwa. Mama yake Claudius ni Antonia, mtoto wa Octavia dada yake Augustus. Augustus basi ni mjomba wa Antonia, na kwa Claudius ni babu kwa njia mbili, ya mama yake na ya ndoa ya bibi yake.

Claudius ana kaka, Germanicus, kipenzi cha watu, na dada, Livilla, ambaye Mungu atuepushe. Germanicus anamzaa Caligula, anayekuja kuwa mfalme. Claudius basi ni baba mdogo wa Caligula. Shika hilo. Caligula anapomfanyia mzee yule mizaha ya kikatili mbele za watu, anamfanyia mtu ambaye kwetu angemwita baba. Na lile la Agrippinilla, dada yake Caligula, nimeliweka swali la 19 kwa makusudi.

Julia ni mtoto wa Augustus kwa mke wa kabla ya Livia. Wana wa Julia ndio warithi halali, na ndio wanaopukutika. Karatasi na kalamu, chora mwenyewe. Mtu akifa mpige mstari. Mjomba alikuwa na daftari la namna hiyo, na kufikia kipindi cha saba lilikuwa limejaa mistari.

9. Kwa nini majina yanajirudia?

Warumi walirithishana majina kama sisi tunavyowapa watoto majina ya mababu, ila wao hawakuwa na "mama Fulani" wa kutofautisha. Graves aliliona tatizo, akawaita baadhi kwa lakabu: Drusus mtoto wa Tiberius anamwita Castor, na Agrippina mdogo anamwita Agrippinilla. Caligula pia ni lakabu, ya kweli ya kihistoria, maana yake kibuti kidogo. Alipewa na askari wa baba yake walipomwona mtoto akitembea kambini na viatu vya kijeshi vya kupima mguu wake.

10. Mbona Tiberius anaonekana mkubwa kuliko mama yake?

Kwa sababu ni mkubwa kweli. George Baker alizaliwa 1931, Siân Phillips anayeigiza mama yake 1933, na Brian Blessed, baba wa kambo, 1936. Derek Jacobi alikuwa na miaka 37 akiigiza mzee wa zaidi ya 60. Vipodozi vya uzee vina siku nzuri na siku mbaya, nakubali. Lakini angalia Livia anavyokaa kitini kipindi cha kwanza na anavyokaa kipindi cha sita. Uzee ameuweka mgongoni na kwenye pumzi.

## Waigizaji

11. Huyu mtu nimemwona wapi?

Mahali fulani lazima. Sejanus, mkuu wa walinzi mwenye nywele za mawimbi, ni Patrick Stewart, yule kipara wa *Star Trek* na *X-Men*. Nywele ni za bandia. Caligula ni John Hurt, mzee muuza fimbo za uchawi kwenye *Harry Potter*. Macro ni John Rhys-Davies, yule kibete mwenye shoka wa *The Lord of the Rings*. Castor ni Kevin McNally, Bwana Gibbs wa *Pirates of the Caribbean*. Jacobi mwenyewe ni seneta Gracchus kwenye *Gladiator* ya 2000.

Ninayempenda kumwonyesha mtu ni Gratus, askari anayemkuta Claudius amejificha nyuma ya pazia. Ni Bernard Hill. Huyo huyo ndiye nahodha wa *Titanic*.

12. Nani anaigiza kuliko wote?

Jacobi na Phillips wote walipata tuzo za BAFTA mwaka 1977, na ukiniuliza sebuleni nitasema Jacobi kwa ajili ya amani. Ukweli wangu ni Siân Phillips. Livia angeweza kuwa mchawi wa hadithi, wa kucheka kwa sauti na kupindisha macho. Phillips hafanyi hivyo. Livia wake ni mama wa nyumba mwenye kazi nyingi. Anapanga vifo kama unavyopanga mboga za wiki, na anachoka kweli, na anaudhika watu wanapokufa kabla ya zamu yao.

Lakini dakika bora za tamthilia nzima wanagawana watu wawili, na mmoja hasemi neno. Ni kipindi cha nne. Augustus ameshaanza kushuku, hali chochote ila tini anazochuma mwenyewe mtini. Sasa yuko kitandani. Uso wa Blessed unajaza kioo, macho wazi. Livia humwoni, unaisikia sauti yake tu, pembeni. Anaongea naye taratibu, lawama za kindoa: angemsikiliza zaidi, yasingefika hapa. Kamera haihami. Unaangalia yale macho ukisubiri yapepese, na kuna mahali, huwezi kusema ni sekunde ipi, mtu anatoka na uso unabaki. Mara ya kwanza niliisogelea TV nikidhani kanda imekwama. Halafu Livia anatoka chumbani, anakutana na mwanawe Tiberius, anampa maagizo mawili matatu, na akiwa anaondoka anamkumbusha kwamba asiguse zile tini.

Kama uliiona tamthilia ukaniambia haina msisimko, nitakuuliza kama ulifika hapo.

## Riwaya

13. Nianze na kitabu au tamthilia?

Tamthilia. Najua wapenzi wa vitabu watanuna. Lakini ukishazijua sura, majina ya kitabuni yanapata nyuso, na ukurasa hauchoshi. Mimi nilianza kitabu mara mbili nikaishia kurasa za mwanzo kwenye nasaba ya ukoo; baada ya tamthilia nilikimaliza kwa wiki mbili, kwenye daladala, nikipitiliza kituo siku moja.

14. Vinatofautiana wapi?

Kwenye kitabu hakuna sauti isipokuwa ya Claudius. Kila kitu kinapita kwake: ni mwanahistoria, anapenda kupotea njia, atasimama kukueleza silaha za Wajerumani au uashi wa mfereji. Pulman alikata karibu yote hayo na kuyapa maneno watu ambao kitabuni wanasimuliwa tu. Livia wa kitabuni unamwogopa kwa mbali, wa televisheni amekaa nawe mezani.

Riwaya ya pili ndiyo iliyopunguzwa zaidi. Inaanza na maisha marefu ya Herode Agripa, inayo vita ya kuivamia Uingereza mwaka 43 kwa kirefu, na ujenzi wa bandari ya Ostia. Kwenye tamthilia Uingereza ni jambo unalolisikia na kulipatia mateka mmoja. Nililalamika nilipogundua. Bado nalalamika kuhusu Herode. Alistahili kipindi chake peke yake.

Kuna pia jambo moja lililoongezwa ambalo kitabuni halimo, tazama swali la 18.

15. Graves aliyatoa wapi haya yote?

Kwa waandishi wa kale, hasa Tacitus, Suetonius na Cassius Dio. Graves alikuwa mshairi, askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, aliyehamia kijiji cha Deià kisiwani Mallorca, Hispania. Alikuwa na madeni na alihitaji kitabu kitakachouzwa. Kiliuzwa. Mwaka 1957 alimtafsiri Suetonius kwa Kiingereza, na ukiisoma tafsiri hiyo baada ya riwaya unaona chungu alichopikia.

16. Ni kweli kuna filamu ya zamani iliyoshindikana?

Ndiyo. Mwaka 1937 Alexander Korda alianza kuitengeneza Uingereza, Charles Laughton akiwa Claudius, Josef von Sternberg akiongoza. Mambo yalikuwa yakienda kwa shida tangu mwanzo, kisha Merle Oberon aliyekuwa Messalina akapata ajali ya gari, na kazi ikasimamishwa moja kwa moja. Vipande vilivyobaki vilionyeshwa na BBC mwaka 1965 kwenye makala maalumu. Laughton ni wa kutisha kwa uzuri wake kwenye vipande hivyo. Hata hivyo sina huzuni kubwa. Saa mbili zisingetosha ukoo huu.

## Ukweli na uzushi

17. Claudius alikuwa mjinga, au alijifanya?

Kitabuni na kwenye tamthilia kuna mazungumzo ya maktabani yanayoamua maisha yake yote. Mwanahistoria mzee Pollio anamshauri kijana: ukitaka kuishi maisha marefu katika ukoo huu, ongeza kuchechemea, ongeza kigugumizi, waache wakudharau. Sisi tuna msemo, mdharau mwiba guu huota tende, na hiyo ndiyo tamthilia nzima. Warithi wazuri, hodari, wenye afya, wanazikwa mmoja mmoja. Anabaki yule waliyemkalisha mwisho wa meza.

Kihistoria, Suetonius anasema Claudius mwenyewe alidai baadaye kwamba alijifanya, na kwamba watu hawakumwamini. Alikuwa msomi wa kweli. Aliandika kwa Kigiriki historia ya Waetruski vitabu 20 na ya Karthago vitabu 8, vyote vimepotea, na akaongeza herufi tatu kwenye alfabeti ya Kilatini, ambazo hazikudumu baada yake. Mjinga hafanyi hivyo. Mtu wa ajabu kidogo, ndiyo.

Na Livia, aliwaua wote wale? Hili huja kila mara likiwa limefungwa na la kwanza, kwa hiyo nalijibu hapa. Wanahistoria wengi wa leo hawaamini. Marcellus, mpwa wa Augustus, alikufa mwaka wa maradhi mengi mjini Roma, 23 K.K. Drusus alianguka na farasi. Gaius, mtoto wa Julia, alikufa kwa jeraha la vita huko mashariki. Habari ya tini inatoka kwa Dio, aliyeandika miaka 200 baadaye, na hata yeye anaitaja kama maneno ya watu. Bibi mwenye akili aliyeishi hadi miaka 86 katika nyumba yenye misiba mingi, watu wangesema nini? Tunajua wanavyosema, hata mtaani kwetu.

Ila Graves hakuwa anaandika hukumu ya mahakama. Alimwachia Claudius aamini, na Claudius ana sababu zake.

Farasi wa Caligula, kwa kifupi: aliitwa Incitatus, na Suetonius anasema ilisemekana Caligula alitaka kumfanya konsuli. Kwenye tamthilia anafanywa seneta kabisa.

## Kwa waliomaliza tu

18. Kile kipindi cha nane, cha Caligula na Drusilla, kilitokea kweli?

Hapana. Drusilla, dada yake Caligula, alikufa mwaka 38 na Caligula akatangaza awe mungu, hayo ni ya kweli. Namna ya kifo unayoiona kipindi cha nane ni ya Pulman. Kitabuni Claudius anamshuku Caligula kwa kifo hicho, lakini bila ushahidi. Mwisho wa kipindi ulikatwakatwa kabla ya kurushwa na ukakatwa tena baadaye, kwa hiyo unachoona leo ni kilichobaki. Kimetosha. Uso wa Jacobi mlangoni unakuambia yote, na mimi huwa nainuka kwenda jikoni kabla hajaufungua.

19. Kwa nini Claudius alimwoa Agrippinilla na kumrithisha Nero, mtoto wa Agrippinilla? Alikuwa amechanganyikiwa?

Swali zuri kuliko yote, na hapa ndipo ninapotaka uitumie lugha yako. Kwa Kiingereza Claudius anamwoa mpwa. Kwa Kiswahili, Agrippinilla ni mtoto wa kaka yake wa damu, yaani binti yake. Anamwita baba mdogo. Mama yangu mkubwa, aliyekuwa amevumilia sumu, upanga na farasi bungeni, alifika hapa akasema "astaghafiru" ingawa ni Mlutheri.

Warumi nao walishtuka. Ilibidi Seneti ipitishe sheria mwaka 49 kuruhusu, tena kwa mtoto wa kaka tu. Mtoto wa dada aliendelea kuwa haramu. Kwetu hiyo ingekuwa kinyume kabisa cha mantiki.

Kwenye historia yapo maelezo ya kisiasa: Messalina aliuawa mwaka 48 baada ya kufunga ndoa na mwanamume mwingine mume wake akiwa hai na akiwa mfalme, na Claudius alihitaji kuziba ufa katika ukoo. Graves ana jibu jingine. Claudius ni mpenda jamhuri aliyegundua kwamba kwa kutawala vizuri amewafanya watu waupende ufalme. Ile hadithi ya Aesop, vyura waliopewa gogo liwe mfalme wakalidharau, wakaletewa korongo akawala: ameamua kuwa gogo, na Nero awe korongo. Watu wakichoka na korongo watarudisha jamhuri.

Mjomba aliuona mpango huo kuwa wa hekima kubwa. Mimi naona ni mzee aliyevunjika moyo na Messalina, anayetafuta jina zuri la kukata tamaa kwake, na gharama yake analipa Britannicus, mwanawe wa kumzaa. Tulibishana juu ya hili hadi mwaka aliofariki.

20. Kwenye kipindi cha mwisho, wale wanaomtokea Seneti ni mizimu?

Wachukulie unavyotaka. Mzee amesinzia au anaumwa, na mbele ya maseneta anawaona wote: Augustus, Livia, Antonia, Tiberius, Caligula, kila mmoja na neno lake. Tiberius anamwambia kwamba haikustahili taabu, nami nilimhurumia kwa mara ya kwanza katika saa zote zile. Hawajabadilika hata kidogo. Antonia bado anaona aibu naye.

21. Kitabu chake kilichomwa au hakikuchomwa?

Agrippinilla na Nero wanaukuta muswada na kuutia motoni; Nero anautazama moto kwa furaha, na anayejua moto ulioiunguza Roma mwaka 64 atalielewa tabasamu lile. Lakini Claudius alishaizika nakala nyingine. Ndiyo hiyo uliyokuwa unaiangalia.

22. Nimemaliza, nina upweke. Nifanye nini?

Soma riwaya ya pili kwanza, kinyume na utaratibu, kwa ajili ya Herode. Mwishoni Graves ameweka maelezo ya waandishi wa kale kuhusu kifo cha Claudius, pamoja na kejeli ya mwanafalsafa Seneca inayomcheka mzee akijaribu kuingia mbinguni. Ni katili na inachekesha.

Halafu tafuta mchezo wa redio wa BBC Radio 4 wa mwaka 2010. Claudius humo ni Tom Goodman-Hill. Derek Jacobi yumo pia, safari hii ni Augustus, anatoa amri kwa sauti nzito, wazi, bila kukwama popote. Mimi kila akianza sentensi bado nasubiri agugumie.